BARAFU SAFI HUTOKA KWA MAJI SAFI

Mada: Kufunga na kutunza kichujio cha maji ya kunywa na ya barafu
Walengwa: Akina mama na walezi wa watoto wadogo
Muda: Dakika 20

[Muziki wa kufungua kipindi]

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo mazungumzo yetu ni kuhusu barafu.

Huenda unajiuliza, barafu na afya ya mtoto zina uhusiano gani? Uhusiano upo, tena mkubwa. Wakati wa joto, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, watoto hulilia kitu baridi kutwa nzima. Kule Pwani kuna barafu za ukwaju na za ubuyu zinazouzwa mlangoni. Mwezi wa Ramadhani ukifika, jioni watoto hutumwa kununua barafu ya kutia kwenye sharubati ya futari. Na siku hizi nyumba nyingi zina friji, nyingine zikiwa na mashine ya kutengeneza barafu yenyewe, inayovuta maji moja kwa moja kutoka kwa bomba.

Sasa nisikilize kwa makini. Tuseme kuna mama mmoja, tumwite Mama Zuhura. Mama Zuhura ni mwangalifu. Kila asubuhi anachemsha maji ya kunywa, anayafunika, anayapoza. Mtoto wake wa miaka 2 hanywi maji mengine. Lakini mchana, Mama Zuhura anajaza trei kwa maji ya mfereji ambayo hayajachemshwa, anaiweka kwenye friji. Jioni anachukua vipande viwili vya barafu na kuvitia kwenye kikombe cha yale maji aliyochemsha. Mtoto anakunywa. Baada ya siku mbili mtoto anaanza kuhara, na mama anashangaa: "Mbona maji nachemsha kila siku?"

Mama huyu amechemsha maji ya kunywa, lakini barafu ameisahau. Barafu ni maji ya kunywa yaliyoganda. Ikiyeyuka kikombeni, mtoto anakunywa yale yale maji ya mfereji.

BARIDI HAIUI VIJIDUDU

Wengi wetu tunaamini kwamba kitu kikiganda, vijidudu vimekufa. Hilo si kweli. Baridi ya friji huvilaza tu vijidudu vingi. Vingine hufa, lakini vinavyobaki vinatosha kuleta ugonjwa. Barafu ikiyeyuka, vinaamka na kuendelea na kazi yao. Vijidudu vya homa ya matumbo, vya kipindupindu, na vile vinavyoharisha watoto, vyote vinaweza kupitia kwenye barafu.

Jambo hili limeonekana duniani. Mwaka 1991, kipindupindu kilipozuka nchini Peru na kuenea katika nchi jirani za Amerika Kusini, vinywaji vilivyouzwa barabarani vikiwa vimetiwa barafu vilikuwa miongoni mwa njia zilizoeneza ugonjwa. Hapa kwetu Kenya, mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 ulifika kaunti nyingi. Kwa hivyo tusidhani ni mambo ya mbali.

Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi. Mwili wake una maji machache akiba. Mtu mzima anaweza kuhara siku nzima na bado akasimama. Mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuishiwa na maji mwilini kwa saa chache tu.

[Muziki mfupi]

FILTA YA FRIJI HUFANYA KAZI GANI?

Tuanze na wale walio na friji yenye mashine ya barafu. Pengine ni friji yako, pengine unafanya kazi katika nyumba yenye friji hiyo na watoto unaowalea wanakula barafu yake kila siku. Nyuma ya friji kuna bomba jembamba la maji, na katikati ya bomba hilo, au ndani ya friji yenyewe, kuna kichujio. Wengi wetu tunakiita filta.

Filta nyingi za aina hii zina mkaa maalum ndani yake. Mkaa huo huondoa harufu na ladha ya klorini, ile dawa inayotiwa kwenye maji ya mfereji. Huzuia pia mchanga na kutu. Barafu hutoka nyeupe, haina harufu. Lakini sikiliza hapa: filta nyingi za friji hazikutengenezwa kuua wala kuzuia vijidudu. Zimetengenezwa kwa maji ambayo tayari ni salama. Ukisoma maandishi ya mtengenezaji, mara nyingi utakuta onyo kwamba isitumiwe kwa maji yasiyo salama bila kuyatibu.

Tena kuna jambo lingine. Klorini ndiyo askari anayelinda maji ndani ya bomba. Mkaa ukishaiondoa, maji yaliyopita kwenye filta hayana tena mlinzi. Filta ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, vijidudu vinaweza kuzaana ndani yake, na filta iliyonunuliwa kuleta usafi ikawa yenyewe ndiyo chanzo cha uchafu.

Kwa hivyo jiulize kwanza: maji yanayoingia nyumbani kwangu yanatoka wapi? Ikiwa ni maji ya kisima, ya mkokoteni, ya lori, au ya tangi ambalo hujui lilisafishwa lini, usiyaunganishe na mashine ya barafu ukitegemea filta ya mkaa peke yake. Na hata maji ya kampuni, kama yanakuja kwa mgao, yana hatari yake. Bomba likiwa tupu, maji machafu ya ardhini huweza kupenya mahali palipopasuka. Maji yakirudi, yale ya kwanza huja na uchafu wote huo. Siku za mgao, zima mashine ya barafu na ufunge valvu yake. Tengeneza barafu kwa trei, kwa maji uliyoyatibu mwenyewe.

JINSI YA KUFUNGA FILTA YA FRIJI

Ikiwa maji yako ni salama na unataka kufunga filta, kazi hii inaweza kufanywa na fundi wa mabomba. Lakini wewe mama usiende zako jikoni. Simama hapo, uhakikishe hatua hizi zimefuatwa.

Kwanza, friji itolewe kwenye stima na valvu ya maji ifungwe. Weka ndoo chini ya bomba, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yatamwagika. Stima na maji havipatani.

Pili, filta ifungwe kwenye bomba la maji baridi, kati ya valvu na friji, mahali ambapo mkono unafika. Ikifichwa mahali pasipofikika, hakuna atakayeibadilisha.

Tatu, tazama mshale ulioandikwa kwenye filta. Mshale unaonyesha maji yanakoelekea, kwa hivyo uelekee upande wa friji. Ikigeuzwa, haitafanya kazi yake.

Nne, bomba likatwe wima, lisiwe na meno meno, na lisukumwe ndani ya kiungo mpaka lifike mwisho. Pale penye nyuzi za kukazia, fundi azungushe ule utepe mweupe kuzuia uvujaji.

Tano, na hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi: kabla ya kuunganisha upande wa friji, fungua maji yapite kwenye filta na kumwagikia ndoo. Filta mpya hutoa vumbi jeusi la mkaa. Fuata kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Kama hakuna maandishi, mwaga angalau lita 10. Maji hayo usiyatupe, yatumie kudeki.

Sita, unganisha upande wa friji, fungua valvu polepole, na upapase viungo vyote kwa kitambaa kikavu uone kama vinavuja. Rudia baada ya saa moja, na tena kesho yake.

Saba, washa mashine, na barafu yote ya siku ya kwanza uitupe. Wala usimpe mtoto aichezee, kwa maana ataitia mdomoni.

Mwisho, chukua kalamu na uandike tarehe kwenye filta. Filta nyingi hubadilishwa kila baada ya miezi 6, au mapema zaidi maji yakianza kutoka kidogo kidogo. Na ikiwa umenunua friji iliyotumika kutoka ng'ambo, usiwashe mashine yake ya barafu ukiwa na filta iliyokuja nayo. Hujui ilifungwa lini wala ilichuja maji gani. Nunua mpya.

[Muziki mfupi]

KICHUJIO CHA NDOO MBILI

Sasa tuje kwa walio wengi. Huna friji yenye mashine, lakini una friji ya kawaida, au unamgandishia jirani, au unauza barafu kupata pesa za matumizi. Kwako wewe, kichujio kinachofaa ni kile cha ndoo mbili, chenye mshumaa wa udongo wa kauri ndani yake. Maji hutiwa ndoo ya juu, hupenya polepole kwenye mshumaa, na kudondokea ndoo ya chini yenye mfereji mdogo. Tundu za kauri ni ndogo mno, na kauri nzuri huzuia vijidudu vingi vya kuhara.

Kukifunga si kazi ngumu. Nawa mikono kwa sabuni. Osha ndoo zote mbili na mifuniko kwa sabuni, suuza vizuri. Lakini mshumaa wenyewe usiuguse na sabuni, kwa sababu huinyonya. Uoshe kwa maji safi matupu. Uinue penye mwanga, uuzungushe, utafute ufa. Hata ufa mwembamba kama unywele unapitisha vijidudu. Mshumaa wenye ufa haufai, urudishe dukani.

Pitisha shina la mshumaa kwenye tundu la ndoo ya juu, ukiweka mpira wake pale ulipoagizwa. Kaza nati kwa mkono, usitumie spana, kwa maana kauri huvunjika. Ukishajaza maji, chungulia chini ya ndoo. Maji yanapaswa kudondoka kutoka kwa shina tu. Yakipita pembeni mwa mpira, hayakuchujwa. Maji ya ndoo mbili za kwanza yatumie kufulia, usinywe.

Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, kisha yapitishe kwenye kitambaa safi kabla ya kuyatia kwenye kichujio. Mshumaa ukianza kuwa mzito, usugue taratibu kwa brashi laini chini ya maji safi, halafu uurudishe. Na ndoo ya chini ioshwe kila juma, kwa sababu huko ndiko maji yaliyochujwa yanakaa.

Lakini tusiache hapo. Kuna virusi vidogo sana vinavyoweza kupita hata kwenye kauri. Kwa hivyo maji ya mtoto mdogo, na maji ya barafu, yachujwe halafu yatibiwe. Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuchemsha. Acha maji yatokote kwa mapovu makubwa kwa dakika 1 nzima. Nyinyi mlio sehemu za juu kama Nyahururu, yaache dakika 3. Kisha yapoe yakiwa yamefunikwa kwenye chombo kile kile.

Njia ya pili ni dawa ya maji, kama WaterGuard au vidonge vya klorini. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, koroga, na usubiri dakika 30 kabla ya kutumia. Tia dawa baada ya kuchuja, si kabla. Mshumaa wenye mkaa ndani utaiondoa dawa, nawe utakuwa umepoteza pesa zako.

Neno moja kwa wanaoishi Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa zenye maji ya visima yanayotia meno rangi ya kahawia. Hiyo ni floridi. Kuchemsha hakuiondoi, dawa ya maji haiiondoi, wala mshumaa wa kauri. Vivyo hivyo chumvi ya visima vya Pwani. Muone afisa wa afya ya umma akuelekeze mahali pa kupata maji yanayofaa.

KUTOKA MAJI HADI KIKOMBE

Maji yakishakuwa salama, mikono yetu isiyaharibu tena. Trei na vyombo vya kugandishia vioshwe kwa sabuni kila mara na vifunikwe ndani ya friji. Barafu ya kunywa isikae pamoja na samaki au nyama mbichi. Itoe kwa kijiko au koleo safi, usiitoe kwa vidole. Usiivunje kwa kuipiga sakafuni ikiwa imefungwa kwenye gunia au karatasi.

Stima ikipotea mpaka barafu ikayeyuka, usiigandishe upya kwa ajili ya mtoto. Itumie kuoshea.

Na wewe unayenunua barafu, muulize muuzaji: "Maji ya barafu hii umeyachemsha?" Usione haya kuuliza. Barafu ya kuhifadhia samaki usiitie kwenye kinywaji hata kama ni ya bei nafuu. Haikutengenezwa kwa ajili ya kunywewa. Ukiwa huna hakika, poza kinywaji kwa njia nyingine. Weka barafu nje ya chupa, kwenye sufuria, na chupa iliyofungwa ikae katikati. Au tumia mtungi wa udongo wenye mfuniko, kama walivyofanya nyanya zetu, kwa maji uliyoyatibu.

Wewe unayeuza barafu, nakuomba usikasirike. Unatafuta riziki, nasi tunaiheshimu kazi yako. Wateja wako wengi ni watoto wa majirani. Mama akijua kwamba maji yako umeyachuja na kuyachemsha, atamtuma mtoto kwako na si kwingine.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi 6, sina maneno mengi. Maziwa ya mama pekee. Hata jua liwe kali namna gani, hahitaji maji wala barafu. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Na watoto walio chini ya miaka 4 wasipewe vipande vya barafu kutafuna, kwa maana vinaweza kuwakaba koo.

MTOTO AKIANZA KUHARA

Mama, ikiwa pamoja na juhudi zote mtoto ameanza kuhara, usisubiri. Anza kumpa ORS pale pale nyumbani, ukiichanganya na maji salama kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, kila baada ya kuhara. Akitapika, subiri dakika 10, kisha uendelee polepole. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Nenda kituo cha afya upewe vidonge vya zinki, atakavyotumia kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma.

Mkimbize hospitali mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi: macho yamedidimia; ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole; hawezi kunywa wala kunyonya; anatapika kila kitu; choo kina damu; amelegea au haamki vizuri; au anahara maji matupu mfululizo kama maji ya mchele. Usingoje asubuhi. Endelea kumpa ORS njiani.

Mpendwa msikilizaji, mama wa mfano wetu alikuwa na sufuria, moto na bidii. Alihitaji kuchemsha maji kidogo zaidi, yatoshe na trei ya barafu. Leo jioni, kabla hujaweka trei kwenye friji, jiulize swali moja: maji haya, yakiwa hayajaganda, ningempa mtoto wangu anywe? Kama jibu ni hapana, yamwage, ujaze mengine.

Tahadhari kabla ya hatari.

[Muziki wa kufunga kipindi]

YA KUKUMBUKA

1. Baridi haiui vijidudu. Maji ya barafu yatibiwe kama maji ya kunywa.
2. Filta nyingi za friji huondoa harufu na uchafu, si vijidudu. Zitumie kwa maji yaliyo salama tu.
3. Filta mpya: mwaga maji ya kwanza, tupa barafu ya siku ya kwanza, andika tarehe.
4. Mshumaa wa kauri hauoshwi kwa sabuni. Ukiwa na ufa, ubadilishe.
5. Chuja kwanza, kisha chemsha au utie dawa ya maji.
6. Mtoto akihara, mpe ORS mara moja na umpeleke kituo cha afya apate zinki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Barafu inayoliwa na watoto wa mtaa wetu hutengenezwa kwa maji ya wapi?
2. Maji yakirudi baada ya mgao, sisi hufanya nini kabla ya kuyatumia?
3. Ni nani katika nyumba yako anayejua tarehe ya kubadilisha filta?
4. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje muuzaji wa barafu kupata maji salama?